Mtakatifu Yohane Maria Vianney: Paroko Aliyewasikiliza Watu wa Ars

Kila mwaka, tarehe 4 Agosti, Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney, padre na msimamizi wa maparoko. Katika parokia nyingi, siku hiyo waamini huwaombea mapadre wao, huwapongeza na kuwapatia zawadi. Ni desturi njema, na idumu. Hata hivyo, wengi wetu tunamfahamu mtakatifu huyu kwa mambo mawili tu: kwamba masomo ya seminari yalimshinda, na kwamba aliungamisha watu wengi mno. Nyuma ya mambo hayo mawili kuna historia ya padre mmoja na kijiji kimoja walioishi pamoja kwa miaka 41, wakavutana, wakavumiliana, na hatimaye wakajifunza kusikilizana. Historia hiyo inatuhusu, kwa sababu magomvi mengi ya parokia zetu huanzia pale ambapo mtu alisema na hakusikilizwa.

Yohane Maria Vianney alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon nchini Ufaransa, akabatizwa siku hiyo hiyo. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mathieu na Marie, wakulima wenye kipato cha kawaida lakini wenye mlango ulio wazi. Maskini waliokuwa wakipita njiani walipata kwao chakula na mahali pa kulala. Mtoto huyo alikua akiona wageni wenye nguo zilizochakaa wakiketi meza moja na wazazi wake. Ndiyo shule yake ya kwanza ya maisha ya jumuiya, na katika shule hiyo hakuwahi kushindwa.

Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, Mapinduzi ya Ufaransa yalianza. Baada ya muda mfupi, mapadre waliokataa kula kiapo cha utii kwa sheria mpya ya serikali kuhusu Kanisa walianza kuwindwa. Makanisa yalifungwa, na waamini wakaadhimisha Misa Takatifu kwa siri, usiku, katika nyumba na maghala ya wakulima. Yohane Maria aliungama kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 11, nyumbani kwao, mbele ya padre aliyekuwa akijificha. Alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799 huko Ecully, ndani ya nyumba ambayo madirisha yake yalizibwa kwa mikokoteni ya nyasi kavu ili mwanga wa mishumaa usionekane nje. Kijana huyo alilijua Kanisa kwanza kama kundi dogo la watu wanaoaminiana, wanaojuana kwa majina na kulindana. Bila walei kuwaficha, mapadre wale wasingeishi. Na bila mapadre wale kuhatarisha maisha yao, walei wasingepata Sakramenti.

Wito wa upadre ulikomaa ndani yake, lakini alianza masomo akiwa amechelewa, akiwa na miaka kama 20, chini ya uongozi wa Padre Charles Balley, paroko wa Ecully. Kilatini kilikuwa mlima kwake. Mwaka 1809 aliitwa jeshini katika vita vya Napoleon, akaugua, akaachwa nyuma na kikosi chake, na akaishia kijiji cha Les Noës, milimani, alikoishi kwa jina la bandia kama mtoro wa jeshi. Mjane mmoja alimpa hifadhi, naye akawafundisha watoto wa kijiji kusoma. Msamaha wa serikali ulipotolewa na mdogo wake kukubali kuingia jeshini badala yake, alirudi kwa Padre Balley na vitabu vyake.

Mwaka 1813 alipokelewa katika seminari kuu ya Lyon, lakini baada ya miezi michache aliambiwa aondoke kwa kuwa hakuweza kufuata mafundisho yaliyotolewa kwa Kilatini. Hapa Padre Balley hakukaa kimya. Alimfundisha upya kwa Kifaransa, akawaendea wakuu wa jimbo na kuwaomba wamsikilize kijana huyo kwa lugha anayoielewa. Walipomsikiliza, waligundua kwamba aliyaelewa mambo ya imani kwa uhakika, na kwamba kilichokosekana kilikuwa Kilatini, si akili wala moyo. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre huko Grenoble tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na miaka 29. Leo Kanisa lisingekuwa na msimamizi wa maparoko kama mzee mmoja asingemsemea, na kama wakubwa wasingekubali kusikiliza mara ya pili.

Padre Vianney alitumwa kuwa padre msaidizi Ecully, chini ya Padre Balley yule yule. Mwanzoni hakupewa ruhusa ya kuungamisha. Wakuu wake walitaka kwanza aendelee kujifunza. Ruhusa ilipokuja miezi kadhaa baadaye, mtu wa kwanza kupiga magoti mbele yake na kuungama alikuwa paroko wake mwenyewe. Mwalimu alimpigia magoti mwanafunzi, mkubwa akamfungulia moyo mdogo. Padre Balley alifariki dunia Desemba 1817, na Februari iliyofuata Padre Vianney akaagizwa kwenda Ars.

Ars kilikuwa kijiji cha watu wapatao 230, kaskazini mwa Lyon, chenye nyumba za udongo na kanisa dogo. Padre Vianney alifika kwa miguu tarehe 9 Februari 1818. Inasimuliwa kwamba alipotea njia katika ukungu, na akaelekezwa na mtoto mchungaji wa kondoo aliyeitwa Antoine Givre. Paroko aliyekuja kuwaonesha watu njia ya mbinguni alihitaji kwanza kuoneshwa njia na mtoto wa kijiji hicho. Leo hii sanamu imesimama mahali hapo kukumbusha tukio hilo.

Miaka ya kwanza haikuwa rahisi. Imani ilikuwa imepoa, si kwa sababu watu walikuwa waovu kuliko wengine, bali kwa sababu miaka mingi ya Mapinduzi iliwaacha bila mafundisho. Dominika ilikuwa siku ya kazi, vilabu vya pombe na ngoma. Paroko kijana alilipokea jukumu hilo kwa ukali. Aliandika mahubiri marefu, akayakariri usiku kucha, na akayatoa kwa sauti kali. Aliwanyima ondoleo la dhambi waliokataa kuacha mazoea fulani, wakiwemo vijana waliopenda ngoma. Wapo waliokasirika. Alisingiziwa mambo mabaya kuhusu usafi wa maisha yake, na alipata matusi hata mlangoni pa nyumba yake. Tusiifiche sehemu hii ya maisha yake. Watakatifu hawakuzaliwa wakiwa wamekamilika, na bidii ya kweli inaweza kuwa na ukali unaohitaji kulainishwa na neema pamoja na muda.

Kilichomwokoa paroko huyo asibaki mtu wa kukemea tu ni kwamba hakuishia mimbarini. Alizitembelea familia zake nyumba kwa nyumba, na mara nyingi alichagua saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa ndipo baba, mama, watoto na vibarua walipokuwa pamoja. Alisimama au kuketi nao kwa muda mfupi, akauliza habari za ngano, mifugo, wagonjwa na watoto, kisha taratibu akafikia habari za Mungu. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima. Alifahamu uzito wa jembe na hofu ya mvua isiyonyesha. Watu waliomwogopa Dominika waligundua siku za kazi kwamba paroko wao anajua majina yao, na kwamba magodoro na samani alizopewa nyumbani kwake alikwisha kuzigawa kwa maskini.

Mwaka 1820 ulikuja mtihani. Wakuu wa jimbo walimpangia parokia nyingine, Salles, ng'ambo ya mto Saône. Mto ulikuwa umefurika, na mizigo yake michache ikashindwa kuvuka. Wakati huohuo watu wa Ars, miaka miwili tu baada ya kunung'unikia ukali wake, walituma wawakilishi Lyon kuomba wabaki naye. Makamu wa Askofu aliwasikiliza, na uamuzi ukatenguliwa. Mwaka uliofuata Ars ilifanywa parokia kamili. Waamini wale hawakuandika barua zisizo na majina, wala hawakufunga mlango wa kanisa. Walikwenda kwa anayehusika, wakasema kwa heshima walichotaka, naye aliyehusika hakuona aibu kubadili uamuzi wake.

Padre Vianney naye alijifunza kuona mahitaji kwa macho ya watu wake. Wasichana wa kijiji hawakuwa na shule inayofaa. Mwaka 1824 alifungua shule ya bure iliyoitwa La Providence, yaani Maongozi ya Mungu, na hakuikabidhi kwa watu wa mbali. Aliwachagua mabinti wawili wa ukulima, Catherine Lassagne na Benoîte Lardet, akawapeleka kujifunza kwa masista, kisha akawaachia kazi. Baadaye nyumba hiyo ikapokea pia yatima na wasichana waliotelekezwa. Kila siku paroko alifika hapo kuwafundisha watoto katekisimu, na watu wazima wakaanza kuja kusikiliza. Catherine alimfahamu kwa karibu kuliko karibu watu wote, na kumbukumbu zake ni miongoni mwa ushahidi mkuu uliolisaidia Kanisa kuyafahamu maisha yake.

Tukio moja alilisimulia mara nyingi katika mafundisho yake. Mkulima mmoja wa Ars alizoea kuacha zana zake mlangoni mwa kanisa na kukaa kitambo kirefu mbele ya Tabernakulo bila kutikisa midomo. Paroko alimwuliza anamwambia nini Bwana. Mkulima alijibu kwamba hasemi neno lolote. Yeye anamtazama Mungu, na Mungu anamtazama. Padre Vianney hakumfundisha mtu huyo namna bora ya kusali. Alilipokea jibu lake kama hazina, na kwa miaka mingi akawafundisha mahujaji wasomi sala aliyojifunza kwa mtu wa jembe.

Kuanzia miaka ya 1830 watu walianza kumiminika Ars kutoka pande zote za Ufaransa na nje yake. Walikuja kuungama. Katika mwaka wa mwisho wa maisha yake idadi yao ilikadiriwa kufikia makumi ya maelfu, na katika kituo cha treni cha Lyon kuliwekwa dirisha maalumu la tiketi za kwenda Ars. Padre Vianney aliamka usiku wa manane, akaingia kanisani, na kukaa katika kiti cha maungamo kwa saa 11 au 12 wakati wa baridi, na hadi saa 16 wakati wa kiangazi. Maaskofu na vibarua, matajiri na ombaomba walisubiri zamu, wengine kwa siku kadhaa.

Huko ndiko alikobadilika. Yule aliyeanza kwa kuwanyima watu ondoleo la dhambi alizidi kuwa mpole kadiri miaka ilivyokwenda. Mafundisho ya Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori, yaliyokuwa yakienea Ufaransa wakati huo, yalimsaidia. Lakini tunaweza kuamini kwamba machozi ya maelfu ya watu yalimsaidia pia. Mtu anayesikiliza kwa kweli hatoki kama alivyoingia. Aliwapa wadhambi malipizi mepesi, na sehemu iliyobaki akaifanya yeye mwenyewe kwa kufunga na kukesha. Hakuiita dhambi wema; aliendelea kuichukia hadi kufa. Ila alijua sasa, kwa uzoefu wa kila siku, jinsi mdhambi anavyoteseka.

Kusikiliza wanaokutafuta ni jambo moja. Kusikiliza wanaokupinga ni jambo jingine. Baadhi ya mapadre wa jirani walimwona kuwa mjinga anayejitafutia sifa, na waraka wa kumlalamikia kwa Askofu ukazungushwa kutiwa sahihi. Kwa bahati waraka huo ulimfikia yeye mwenyewe. Aliusoma, akatia sahihi yake, kisha akaupeleka kwa Askofu, kwa kuwa aliamini kwamba yaliyosemwa juu ya upungufu wake yalikuwa kweli. Askofu Devie wa Belley hakuridhika na maneno ya watu. Alifanya uchunguzi wake, na akamtetea. Kuanzia mwaka 1845 hadi 1853 Padre Vianney aliishi na msaidizi, Padre Raymond, aliyemkaripia hadharani na kujiona yeye ndiye mwenye parokia. Waamini walichukizwa, lakini paroko hakuomba msaidizi huyo aondolewe.

Pigo lililomuuma zaidi lilikuja mwaka 1847. Viongozi wa jimbo waliona kwamba La Providence haiwezi kuendelea kuongozwa na walei wasio na maandalizi rasmi, na nyumba ikakabidhiwa kwa Masista wa Mtakatifu Yosefu. Muda mfupi baadaye sehemu ya yatima ilifungwa. Padre Vianney alikiri waziwazi kwamba yeye hakuyaona mapenzi ya Mungu katika uamuzi huo, lakini kwa vile Askofu aliyaona, alitii. Hakujifanya kuwa na furaha, wala hakulichochea kundi lake dhidi ya mchungaji mkuu. Alisema alichokiona, akakubali kilichoamuliwa, akaendelea na kazi.

Katika kazi hiyo yote alikuwa na tamaa moja iliyomtesa: kukimbia. Alijiona hastahili kuwa paroko, na alitamani upweke ili aomboleze dhambi zake kabla ya kufa. Mwaka 1843, baada ya ugonjwa mkali wa mapafu, aliondoka kwa siri akaenda nyumbani kwao Dardilly. Mahujaji walimfuata, wawakilishi wa Ars walifika, na baada ya siku chache alirudi, huku kijiji kizima kikimpokea kwa shangwe. Mwezi Septemba 1853 alijaribu tena, usiku. Habari zilivuja. Kengele ya kanisa ikapigwa, watu wakatoka na taa mikononi, msaidizi wake mpya, Padre Toccanier, akakificha kitabu chake cha sala, na umati ukaziba njia ukimsihi asiwaache. Mzee huyo alitazama nyuso zao, akageuka, akaingia kanisani, akaketi katika kiti cha maungamo. Alikuwa amewasikiliza watu maelfu kwa maelfu. Usiku huo aliisikiliza parokia yake nzima kwa pamoja. Hakukimbia tena.

Mwishoni mwa Julai 1859, siku za joto kali, nguvu zilimwishia. Watu wa Ars walitandaza vitambaa vikubwa juu ya nyumba yake, wakawa wanavimwagia maji ili apate ubaridi. Wale waliolishwa naye kiroho kwa miaka 41 walimpa walichoweza: kitambaa chenye maji na sala. Alifariki dunia tarehe 4 Agosti 1859, akiwa na miaka 73. Papa Pio X alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1905, Papa Pio XI akamtangaza Mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko.

Ndugu wapendwa, maisha haya yanatuachia kazi. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970, wakijua kwamba Kanisa letu litasimama iwapo kila mwamini atakuwa na mahali ambapo jina lake linajulikana na sauti yake inasikika. Lakini jumuiya inaweza kugeuka kuwa mahali pa kusomewa matangazo na kukusanya michango tu. Halmashauri ya parokia inaweza kukutana kila mwezi, na mjane wa mwisho wa kijiji asiwe na mtu wa kumsemea.

Kwetu sisi mapadre, paroko wa Ars anatukumbusha kwamba mahubiri mazuri hayatoshi kama hatujui kinachopikwa, au kinachokosekana, katika nyumba za waamini wetu. Anatukumbusha pia kwamba kusikiliza si kukubali kila linaloombwa; yeye alikataa mengi, lakini walioambiwa hapana walijua kwamba wamesikilizwa. Kwenu walei, watu wa Ars wanawafundisha kwamba lalamiko lina mlango wake. Huanza kwa mhusika, uso kwa uso, na likienda juu, liende na majina ya wenye nalo. Manung'uniko ya kibarazani hayajawahi kumbadilisha paroko wala kuijenga parokia.

Katika mkutano wa jumuiya unaofuata, kabla ya matangazo, tujiulize ni nani hajafika kwa muda mrefu, na ni nani kati yetu atakwenda kumtembelea, si kumkumbusha mchango, bali kumwuliza habari zake na kunyamaza hadi amalize kusema.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee.